Wageni Wote, Mwenyeji Yuko Wapi?

Tangu Disney, kampuni ya Marekani yenye bustani kubwa za burudani, ilipobadilisha masharti ya huduma yake ya foleni kwa watu wenye ulemavu (inayomruhusu mtu kusubiri zamu yake nje ya foleni) mwaka 2024, kwanza Florida mwezi Mei kisha California mwezi Juni, mabishano hayajapoa. Huduma hiyo sasa imekusudiwa hasa watu wenye ulemavu wa ukuaji, kama usonji, ambao hawawezi kusubiri kwa muda mrefu kwenye foleni ya kawaida. Wengi waliokuwa wakiipata zamani wamekataliwa, na Februari 2025 kesi ikafunguliwa California kupinga masharti hayo. Miezi michache baadaye, Julai 20, 2025, bustani ya Disney ya Magic Kingdom, huko Florida, ikarudisha gwaride la usiku, ambalo halikuwapo humo tangu Oktoba 2016. Watu wakaanza tena kuwahi nafasi kando ya barabara kabla jua halijazama, na ugomvi wa zamani ukarudi nao: nani anastahili kukaa mbele, na huyu aliyefika dakika 20 kabla ya onyesho akiwa kwenye kiti cha magurudumu amepewa kitu gani ambacho wengine wamenyimwa?

Katika ugomvi huo mambo mawili yamechanganywa, na mchanganyo wenyewe unaumiza watu. Huduma ya foleni inahusu muda: nani asubiri wapi, na kwa saa ngapi. Eneo linalotengwa kwa viti vya magurudumu wakati wa gwaride au fataki linahusu jicho: nani anaona na nani anatazama migongo. Hata kabla ya mabadiliko ya 2024, tangu kadi ya msaada iliyotangulia huduma hiyo ilipofutwa mwaka 2013, mtu ambaye shida yake ni kutembea tu alielezwa kwamba huduma ile haimhusu, kwa kuwa foleni nyingi zina upana wa kupitisha kiti chake. Anapanga foleni na wenzake, au anapewa saa ya kurudi pale ambapo njia ni finyu. Kwa hiyo anayemtazama bibi aliyeketi nyuma ya kamba ya eneo hilo lililotengwa na kunung'unika kwamba "hawa wanaruka foleni" anajibu swali ambalo hakuna aliyeliuliza.

Hoja yangu ni hii. Ugomvi wa mbele ya kamba tumeupa jina la utovu wa adabu kwa sababu ni rahisi kumlaumu jirani unayemwona kuliko kampuni usiyoiona. Adabu ya wageni ni jambo kubwa na nitarudi kwayo, lakini kiini cha tatizo ni kazi ya mwenyeji iliyoachwa nusu. Mwenye bustani ndiye aliyeuza tiketi, ndiye aliyejua watu watasimama, ndiye aliyechora mistari ardhini. Kuhakikisha kwamba aliyeketi anaona ni wajibu wake mpaka fataki ya mwisho izimike. Akimwachia mgeni mmoja amsihi mgeni mwingine asogee, ameikimbia kazi yake.

Tuanze na vipimo, maana mengi yanayosemwa kuhusu upendeleo huyeyuka mbele ya futi ya seremala. Mtu mzima aliyesimama, macho yake yako kati ya sentimita 150 na 170 hivi kutoka ardhini. Aliyeketi kwenye kiti cha magurudumu, macho yake yako kama sentimita 110 hadi 130. Aliyesimama akizibwa ana njia kumi za kujiokoa: atanyanyuka kwa ncha za vidole, atainamisha kichwa kushoto, atapenya hatua moja, atapanda ukingo wa barabara. Mtoto akizibwa, baba yake atambeba mabegani. Aliyeketi hana hata njia moja kati ya hizo. Hawezi kupenya kwa kuwa kiti kina upana, hawezi kunyanyuka, na hakuna atakayembeba mtu mzima mabegani kwa nusu saa. Mbele yake anaona mikoba ya mgongoni na viuno vya watu. Muziki anausikia, kelele za furaha anazisikia, na mwanga unapita juu ya kichwa chake. Kutofika kabisa kungekuwa afadhali kidogo, kwa sababu aliyebaki nyumbani hakulipa kiingilio.

Marekani ilijifunza hesabu hii mahakamani, na kwa miaka mingi. Sheria ya Wamarekani Wenye Ulemavu ilisainiwa na Rais George H. W. Bush Julai 26, 1990, miezi minne baada ya wanaharakati kuacha viti na magongo yao chini ya ngazi za jengo la Bunge na kuzipanda kwa kutambaa. Kanuni za kwanza za ujenzi, za mwaka 1991, zilidai kwamba mtu aliye kwenye kiti cha magurudumu aone kwa kiwango kinacholingana na cha wengine. Neno hilo moja, "kinacholingana", likazaa kesi juu ya kesi. Kinalingana watu wote wakiwa wameketi, au hata wakiinuka kushangilia? Mwaka 1994 Wizara ya Sheria ilisema hata wakiinuka. Mwaka 1997 mahakama ya rufaa ya Washington ikakubaliana nayo, katika kesi iliyofunguliwa na chama cha wanajeshi wastaafu waliopooza kuhusu ukumbi wa MCI Center uliokuwa ukijengwa mjini humo. Miaka miwili baadaye mahakama ya rufaa ya Philadelphia ikaenda njia nyingine. Kesi ilihusu ukumbi wa muziki wa Camden, New Jersey, na Jaji Samuel Alito, ambaye leo yuko Mahakama ya Juu, aliandika kwamba wizara haikufuata utaratibu wa kutunga kanuni ilipotoa tafsiri ile, hivyo haiwezi kumbana mjenzi. Lakini hukumu hiyohiyo ilisema kwamba lile eneo la majani ambako watu hukaa chini na kutazama, mwenye kiti cha magurudumu naye lazima awe na njia ya kulifikia.

Mwaka 2008 ikaja kesi ya shabiki wa mbio za magari huko Fontana, California. Alikuwa na nafasi yake maalumu, hakuna aliyemkatalia. Shida yake ilikuwa kwamba kila mbio zilipopamba moto, waliokuwa mbele yake walisimama wote kwa pamoja, na yeye akazikosa dakika zilezile zilizomtoa nyumbani. Mahakama ya rufaa ya magharibi ikampa haki. Ubishi wa kisheria ulimalizwa na viwango vipya vya ujenzi vya 2010, vilivyokuwa vya lazima kuanzia Machi 15, 2012: pale ambapo watazamaji wanatarajiwa kusimama, aliye kwenye kiti cha magurudumu lazima aweze kuona juu ya vichwa vyao, au juu ya mabega yao katikati ya vichwa. Viwango hivyo vinakwenda mpaka kwenye hesabu. Ukumbi wenye viti 1,000 unatakiwa uwe na nafasi 10 za viti vya magurudumu, wa viti 5,000 uwe na 36. Nafasi moja iwe na upana wa sentimita 91 au zaidi, na ubavuni mwake kuwe na kiti cha mwenzake, kwa sababu waliotunga walielewa kwamba hakuna anayekwenda kutazama onyesho ili akae peke yake kama mizigo iliyosahaulika stesheni.

Nimeeleza historia hii kwa kirefu kwa sababu ndani yake limo pengo ambalo watetezi wa bustani na wakosoaji wao hupita juu yake. Hesabu za nafasi zinahusu kumbi zenye viti vilivyofungwa sakafuni. Barabara ya gwaride haina viti. Uwanja ulio mbele ya kasri la Magic Kingdom hauna viti. Watu 20,000 wakisimama kwenye lami, hakuna jedwali la kumwambia mwenye bustani kwamba anadaiwa nafasi kadhaa, zenye upana fulani, kwenye kona fulani. Kinachobaki ni wajibu wa jumla wa sheria, kwamba mwenye biashara arekebishe taratibu zake kwa kadiri inayofaa ili mwenye ulemavu apate huduma kama wengine. Wajibu huo ni wa kweli na una nguvu mahakamani, lakini haukuchorwa kwa futi na rula. Ndiyo maana katika bustani zilezile utakuta ukumbi wa ndani ambamo kila kitu kimepimwa, na mita 300 kutoka hapo eneo la fataki linalotegemea kamba moja, utepe wa rangi uliobandikwa chini, na kijana mmoja wa zamu mwenye tochi.

Na maonyesho yenyewe yamebadilika wakati kamba imebaki ileile. Zamani fataki zilikuwa za angani. Aliyeketi na aliyesimama waliinua shingo, wote wakaona. Kuanzia mwaka 2011 Magic Kingdom ilianza kuangaza picha zinazotembea kwenye kuta za kasri, na tangu hapo nusu ya hadithi inasimuliwa ukutani, chini ya mstari wa vichwa vya watu. Mwaka mmoja kabla, katika bustani ya pili ya Disney huko California, lilizinduliwa onyesho la chemchemi zipatazo 1,200 zinazorusha maji na mwanga, na humo pia mambo mengi hutokea chini, juu ya uso wa maji. Teknolojia imeishusha burudani kutoka mbinguni hadi usawa wa kifua. Halafu kila mtu amepewa simu ya kuinyanyua juu ya kichwa chake kwa dakika kumi na tano, na wengine huleta kompyuta bapa zenye ukubwa wa sinia. Eneo lililotosha mwaka 1995 kwa mtu anayetazama angani halitoshi leo kwa mtu anayetakiwa atazame ukuta. Sijaona mjadala huu ukipewa uzito unaostahili, na nadhani ndiyo sababu malalamiko yameongezeka hata pale ambapo idadi ya nafasi haijapunguzwa.

Sasa upande wa pili, na nianze na hoja yao iliyo nzito kuliko zote. Mama mmoja amefika saa mbili kabla. Ameketi kwenye lami ya moto na watoto watatu, amewanyima kwenda msalani, amewapa biskuti za mwisho. Dakika 20 kabla ya gwaride inaletwa familia nyingine na kuwekwa mbele yake, nyuma ya kamba ambayo hakuijua. Uchungu wake si chuki dhidi ya walemavu. Alifanya alichoambiwa kwamba kinafanya kazi, yaani kuwahi, na sasa anaona kuwahi kwake hakukuwa na maana. Mimi huyu mama simlaumu hata kidogo. Lakini tuangalie vizuri amekosewa na nani. Nafasi za viti vya magurudumu kwenye bustani za Disney hugawiwa kwa wanaotangulia kufika, na zikijaa zimejaa. Aliye kwenye kiti naye huwahi, naye hukaa juani. Kilichomponza mama huyu ni kwamba hakuna aliyemwonyesha mapema mpaka wa eneo lile, akajipanga kando yake au mbali nalo kwa hiari yake. Mpaka ukichorwa asubuhi na mhudumu akausema kwa sauti kila baada ya nusu saa, mama yule asingenyang'anywa kitu, kwa maana asingedhani kile kipande ni chake.

Tena kuna jambo ambalo wanaodai kwamba wote wapange foleni sawa hawaligusi. Bustani hizihizi huuza maeneo ya kutazamia. Kwa pesa ya ziada juu ya kiingilio, Magic Kingdom inakupa meza ya vitu vitamu na mahali palipotengwa pa kutazama fataki, na unaingia pale dakika za mwisho huku waliosubiri tangu magharibi wakibanana nje. Mambo haya yamekuwapo kwa miaka na ninyi mnaolalamika mnayapita kila siku. Ikiwa aliyelipa anaweza kutengewa mahali bila mtu kusema ameiba, basi kutenga mahali si dhuluma yenyewe. Kinachowachoma watu ni kwamba huyu mwingine ametengewa bila kulipa. Na jibu ni kwamba alilipa: alinunua tiketi ileile, kwa bei ileile, inayosema ndani yake mna onyesho.

Ipo pia hoja ya ukubwa wa familia, na hapa wakosoaji wana haki kwa sehemu. Mwenye kiti anakuja na watu kumi na wawili, wote wanataka kuingia nyuma ya kamba, na mwenye kiti wa pili anakosa mahali kwa sababu ya wajomba wa wa kwanza. Ni lazima pawe na kikomo, na bustani nyingi zinacho. Kwa tiketi za kumbi zenye viti, sheria yenyewe imeweka kipimo: anayenunua nafasi ya kiti cha magurudumu anaruhusiwa kununua viti vitatu zaidi vya jirani katika safu hiyo, vikiwapo. Familia zetu za Kiafrika hazipendi hesabu hizi. Tukitoka, tunatoka ukoo mzima, na kumwacha binamu upande wa pili wa kamba kunaonekana kama kumfukuza. Hata hivyo ninaona kikomo ni haki, mradi kitangazwe kabla na kitumike kwa wote. Mhudumu anayeruhusu watu kumi saa kumi na mbili, kisha akazuia watano saa mbili usiku, ameleta ugomvi ambao hakuna adabu ya mgeni itakayouzima. Na waliosimama ndani ya eneo lile, wale wazima waliomsindikiza mgonjwa wao, wanapaswa kukaa nyuma ya viti. Nimeona mara nyingi mno kijana wa familia moja akimziba bibi wa familia nyingine ndani ya kamba ileile iliyowekwa kwa ajili ya bibi.

Hoja dhaifu kuliko zote ndiyo inayosemwa kwa sauti kubwa kuliko zote, kwamba wengi wa wanaokaa pale ni waongo: wamekodi kiti au skuta ya umeme getini ili wapate mahali pazuri. Ushahidi unaotajwa ni habari ya Mei 2013, magazeti ya New York yalipoandika kwamba matajiri walikuwa wakiwakodi watu wenye ulemavu wawe waongozaji wao bustanini. Habari ile ilihusu foleni za michezo. Haikuhusu eneo la kutazamia, na ilitokea chini ya utaratibu ambao ulifutwa Oktoba mwaka huohuo. Ushahidi wa pili huwa ni jicho: "nimemwona akisimama." Wanaotumia viti vya magurudumu si wote waliopooza. Mwenye ugonjwa wa moyo anaweza kutembea hatua arobaini na asiweze mia nne. Mwenye baridi yabisi husimama asubuhi, na jioni goti likakataa. Kusimama kwa nusu dakika ili upange mto wa kiti hakumfanyi mtu mwongo. Sheria ya Marekani inakataza mwenye biashara kumhoji anayetumia kiti cha magurudumu kuhusu aina na kiwango cha ulemavu wake, na katazo hilo lina hekima, kwa sababu bila hilo kila kijana wa zamu angekuwa daktari na kila barabara ya gwaride ingekuwa chumba cha uchunguzi. Wadanganyifu wapo, sikatai. Lakini aliyekodi skuta ili aone gwaride ametudhihirishia pia kwamba mahali pa kuonea ni haba kwa wote, na uhaba huo haukuletwa na aliyepooza.

Nitasema jambo moja langu, kisha niliache. Miaka kadhaa iliyopita nilimpeleka shangazi yangu, aliyekuja Marekani kututembelea kutoka Tanga, kwenye bustani moja ambayo sitaitaja. Magoti yalikuwa yamemchosha, tukamchukulia kiti. Tulifika mapema, tukaelekezwa kwenye eneo lenye alama, tukakaa vizuri. Mbele ya kamba palikuwa na njia ya kupita ambayo wahudumu waliilinda mpaka taa zilipozimwa. Zilipozimwa, wahudumu wakaondoka, na njia ikajaa watu kwa muda mfupi kuliko ninaotumia kulieleza. Bwana mmoja alisimama mbele ya shangazi na mtoto mabegani. Nikamwomba kwa upole asogee hatua mbili. Akanijibu kwamba naye mtoto wake ana haki ya kuona. Nikataka kuendelea, shangazi akanishika mkono. "Mwache, mwanangu. Sikupanda ndege nije nigombane na watu." Aliutazama ukuta wa kasri kupitia simu ya bwana yule, iliyokuwa imenyanyuliwa kando ya kichwa cha mtoto. Kasri zima, upana wa kiganja. Baadaye, kwenye gari, alinishukuru kwa safari nzuri, na alimaanisha.

Kwa muda mrefu nilimchukia yule bwana. Sasa naona nilikosea mtu wa kumchukia, au angalau nilikosea kumchukia peke yake. Alikosa adabu, ndiyo. Aliombwa na akakataa. Lakini alikuwa amesimama kwenye kipande cha ardhi ambacho hakuna aliyemwambia kwamba asisimame, akiwa na mtoto aliyemwahidi fataki, katikati ya umati unaosukuma kutoka nyuma. Aliyepaswa kumwambia alikuwa ameshaondoka na tochi yake.

Hapa ndipo Kiswahili chetu kinaona kitu ambacho lugha ya matangazo inakificha. Disney haimwiti mtu mteja. Inamwita mgeni, na bustani nyingine zimeiga. Ni neno zuri na tulichukue kwa uzito wake wote. Kwetu, neno mgeni haliji peke yake. Penye mgeni pana mwenyeji, na mwenyeji ana kazi zinazojulikana. Kwenye harusi za pwani, mwenye shughuli huweka watu wa kupokea na kukalisha. Mzee akiingia, anaondolewa kijana kwenye kiti kabla mzee hajafika, na anayemwondoa ni mtu wa nyumba. Mzee hamwombi kijana, na mgeni mwenzake hatumwi kumwinua. Wageni wawili wakigombania mkeka, majirani kesho hawatawasema wale wawili. Watasema nyumba ile haikujua kupokea watu. Adabu ya mgeni ipo na inadaiwa, nayo ni kukaa unapokalishwa na kutozidi mipaka, lakini inaanza baada ya kukalishwa. Kampuni inayotuita wageni wakati wa kuuza, kisha ikatuacha tukalishane wenyewe taa zikizimwa, imechukua sifa ya ukarimu na kutuachia sisi kazi yake.

Ukikubali hoja hiyo, mengi yanafuata, na si ya gharama ya kutisha kwa makampuni ya ukubwa huu. La kwanza na kubwa ni sakafu. Jukwaa lililoinuliwa, lenye njia ya mteremko, linamfanya aliyeketi aone juu ya vichwa bila kumwomba mtu yeyote kitu, na kwa kuwa liko nyuma ya umati, yule mama wa saa mbili hapotezi chochote. Kwenye matamasha ya muziki jambo hili limezoeleka miaka mingi. Wanaolipinga husema litaharibu sura ya barabara iliyobuniwa ionekane kama mji mdogo wa zamani. Lakini barabara hiyohiyo hubeba minara ya taa na spika kila msimu, na wabunifu wanaojua kuficha spika ndani ya ua watajua kuficha mteremko. Pasipo na jukwaa, kipande kilicho wazi mbele ya kamba kilindwe mpaka mwisho wa onyesho, si mpaka mwanzo wake. Hapo ndipo bustani nyingi zinaposhindwa: nguvu za wahudumu humalizikia kwenye kupanga watu, wakati uvamizi hutokea dakika tatu za mwanzo wa giza. Kisha pawe na maeneo zaidi ya moja, mbali na mbali, kwa sababu anayetumia kiti naye ana haki ya kuchagua aone kutoka kushoto au kulia, karibu au mbali, kama mwingine yeyote aliyelipa. Na wakati wa kuondoka uangaliwe, maana umati unaotawanyika gizani humgonga aliyeketi usoni kwa mikoba, na hilo sijawahi kuona likitajwa kwenye ramani yoyote.

Mgeni naye, akishakalishwa, ana sehemu yake. Asivuke kamba. Asimnyanyue mtoto mabegani mbele ya aliyeketi. Amnyanyue akiwa nyuma. Akiombwa asogee, asitoe hotuba ya haki. Haya ni madogo na watu wengi huyatenda bila kuambiwa. Nimewaona vijana wasiojuana wakishikana mikono kufanya ukuta ili wenye viti waone, na nilijisikia vizuri na vibaya kwa pamoja, kwa sababu ukuta ule ulikuwa kazi ya mtu mwingine aliyelipwa kuifanya.

Jambo hili si la Florida peke yake. Kenya, Tanzania na Uganda zitapokea Kombe la Mataifa ya Afrika mwaka 2027, na viwanja vinajengwa na kukarabatiwa kwa ajili hiyo. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 54, inampa mwenye ulemavu haki ya kufika mahali pote kwa njia inayofaa, na Tanzania ina Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010. Kufika tunakujadili, na milango yenye mteremko tunaifungua kwa hotuba na utepe. Kuona bado. Sisi ni mashabiki wa kusimama. Goli likikaribia hakuna anayebaki kitini kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho, na mwenye kiti cha magurudumu aliyewekwa safu ya tatu atalisikia goli kama aliye nyumbani na redio. Kabla ya kiwanja kukabidhiwa, ningependa mhandisi mkuu aketi kwenye kiti cha magurudumu katika kila nafasi iliyotengwa, mbele yake wasimame mafundi watano warefu na helmeti zao vichwani, kisha aulizwe kama anaiona kona ya mbali ya uwanja. Inachukua asubuhi moja, na kosa linakuwa bado linaweza kurekebishwa.